Nitakuonyesha Mtu

Mgeni aingiaye Kolwezi, huko Kongo, kutoka pwani, aliyezoea masoko ya Mombasa na ya Unguja, ambako mchuuzi ndiye mwimbaji wa sifa za bidhaa yake na ustadi wa kusifu huhesabiwa kuwa nusu ya biashara, hustaajabu siku za kwanza kwa jambo moja, nalo ni kwamba mwenye mali aghalabu hunyamaza. Hukaa nyuma ya mafungu yake ya mboga ya lengalenga au ya samaki wadogo wakavu waitwao ndakala, hukujibu bei ukimwuliza, kisha hukuacha utafakari. Asemaye ni mwingine, mtu asiye na faida hata ya senti katika mauzo yale: jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi anayekushonea viatu, au mama mliyeketi naye benchi moja mkingojea gari; naye akisikia kwamba unatafuta unga, au sabuni, au mahali pa kula nyama ya kuchoma, hakutajii jina la duka wala la kiwanda, bali hukwambia kwa Kiswahili cha huko, "Nitakuonesha mama moya," yaani nitakuonyesha mama mmoja.

Mimi nililichukua neno hilo kama nilivyolizoea, nikadhani ataninyoshea kidole na kuniambia pinda kulia kisha ukate kushoto. Sivyo. Fundi yule aliweka chini sindano yake, akamwomba mwenziwe amwangalilie viatu vya watu, akafuatana nami kwa miguu mpaka mbele ya mama mwenyewe, akamwamkia, akaulizana naye hali za watoto wote mmoja mmoja, na mwisho, kana kwamba ndilo jambo dogo kuliko yote, akasema, "Mama, huyu ni mutu yangu." Kisha akaenda zake. Mama akanitazama, akaichota meka ya unga (meka ni kile kipimo wanachopimia unga na mahindi) akaijaza hata ikasimama kilele, na hakuipangusa juu kwa kiganja kama alivyompangusia mnunuzi aliyenitangulia. Bei ilikuwa ile ile. Kilichozidi ni kilele, na kilele kile hakikuwa changu, kilikuwa cha fundi wa viatu.

Ili mtu afahamu kwa nini jambo dogo namna hii lina uzito huo, hana budi kukumbuka mji wenyewe ulivyoumbwa. Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga, kwa ajili ya shaba, na watu wake wa kwanza walikuwa wafanyakazi waliokusanywa kutoka pande nyingi, Waluba, Walunda, Wachokwe, Wasanga na wengineo, wakakaa kambini katika nyumba zilizopangwa mistari, ambamo kampuni iliwajengea shule na hospitali, na juu ya hayo yote ikawapimia chakula. Posho ilitolewa kila juma: unga, maharagwe, samaki, mafuta na chumvi, kwa kadiri ya mke na watoto walioandikwa daftarini, na mazoea hayo yalienea Kongo nzima hata katika Kilingala neno lenyewe, mposo, likageuka kuwa jina la juma. Sasa mtu anayepimiwa unga na karani, je, ana haja gani ya kuuliza unga wa nani ni mtamu? Unga ulikuwa mmoja, na sabuni ilikuwa moja. Serikali ilipoitwaa kampuni mwaka 1967, nayo baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines, daftari lilipata mwenye mpya, lakini kipimo kikabaki.

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na miaka iliyofuata ikawa ya dhiki ambayo wazee wa Kolwezi hawapendi kuihadithia kwa urefu. Mishahara ikakawia, posho ikakatika, na kati ya 2003 na 2004 takriban wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walifungashwa virago kwa jina zuri la kuondoka kwa hiari. Wake zao waliingia sokoni. Wapo wasemao kwamba ada ya kuonyeshana watu ililetwa kutoka vijijini pamoja na mizigo ya mababu, na sina hoja ya kuwakanusha. Ila naona kwamba ilipata nguvu yake ya sasa hapo ndipo, siku ambayo kila nyumba ililazimika kwa mara ya kwanza kuchagua, na hakuna aliyekuwa na pesa za kukosea.

Kwa maana kosa la unga ni kosa la juma zima. Bukari, kama wanavyoita ugali, ndiyo chakula, na vilivyobaki ni kitoweo; na unga mwingi hupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako ukame wa 2024 ulipounguza mahindi, Kolwezi nayo ilikuwa na sababu ya kufunga mkanda. Gunia lina maandishi mazuri na picha ya suke la dhahabu, lakini gunia tupu nalo huuzwa, na kila mama anajua kwamba maandishi hayo hayasemi kitu juu ya kilichomo ndani. Kwa hiyo huaminiwa ulimi kuliko karatasi: unga wa mama fulani haukaangwi na jua, haujachanganywa na muhogo, ukiusonga unaitika.

Lakini ladha ya ada hii hasa huonekana katika vile vyakula ambavyo havina gunia wala maandishi. Chukua mathalan kikanda. Ni viazi vidogo vya aina za okidi za porini, vinavyochimbwa mbugani, vikakaushwa na kutwangwa, vikapikwa pamoja na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi, hata vikagandamana kuwa mkate wa rangi ya udongo unaokatwa vipande na kutafunwa kama nyama. Asiyekijua huapa kwamba ni soseji. Kikanda cha mkono mbaya hukwaruza koo, na kile ambacho karanga zake zimefanyiwa ubahili huwa kama kutafuna mpira. Na kwa kuwa kwa macho vyote vimefanana, hakuna njia ya kukijua ila kwa kuonja au kwa kuambiwa na aliyeonja. Ndiyo maana anayekupeleka kwa mpishi wa kikanda huomba kipande kidogo, hukivunja mara mbili, hula nusu yake mbele yako kwanza, kisha hukupa iliyobaki kiganjani. Nawe hupaswi kusema kitu mpaka umeze. Nimewaona watu wazima, mabwana wenye kofia, wakisimama kimya barabarani wakitafuna huku wanawatazama wenzao kama mahakimu wanaosikiliza shahidi.

Munkoyo nao una adabu zake. Ni kinywaji cha uji wa mahindi kinachotiwa mizizi ya mmea wa porini uitwao kwa jina hilo hilo, mizizi iliyopondwa ambayo hulainisha uji mzito na kuutia utamu bila sukari, na baada ya usiku mmoja huanza kuchangamka. Siku ya kwanza mtoto hunywa, siku ya tatu baba hunywa na kuanza kutoa nasaha. Anayekuonyesha mama wa munkoyo hana budi kukueleza pia siku, kwani munkoyo wa Jumatatu na wa Jumatano wa mama yule yule ni vitu viwili. Kuhusu lutuku, ile pombe kali ya kukenekwa, sitasema mengi, isipokuwa kwamba wanaume huonyeshana kwa sauti ya chini mno, na kwamba hapo nimeona dhamana ikikataliwa: "Mimi nilikunywa, nikaamka. Wewe sijui."

Neno hilo lina haki zaidi katika uyoga. Mvua zikianza, takriban mwezi wa Novemba, misitu ya miombo hutoa uyoga wa kila namna, na juu ya vichuguu vya mchwa huota ule mkubwa ambao kofia yake huweza kukaribia mita moja, hata mtoto akajikinga nao mvua kama mwavuli. Huo hauna shaka, unajulikana na kila mtu. Ni ule mdogo, wenye ndugu zake wenye sumu wanaofanana nao kama pacha, ambao mama wa Kolwezi hatauchukua kwa mtu asiyeonyeshwa kwake, hata ukiwa wa bure. Hapo kusifu bidhaa si maneno ya kupitisha wakati. Aliyekwambia "kula" ameitia roho yako katika amana yake, na anajua hivyo, na wewe unajua, na kwa sababu hiyo wengi hukataa kumwonyesha mtu muuza uyoga ila awe jamaa wa damu.

Desturi ile ile nimeikuta mahali ambapo sikuitazamia. Huko Musompo, kwenye soko la madini nje ya mji, wachimbaji huleta magunia ya kobalti na shaba kwa wanunuzi, ambao hupima ubora wa mawe kwa chombo kidogo cha mkononi kiitwacho Metorex, kinachotoa tarakimu ambayo mchimbaji hawezi kuihoji. Vijana hawajui chombo kinavyofanya kazi, lakini wanajua kinasema nini katika banda lipi; nao kabla ya kuteremsha gunia huulizana, na aliyetendewa haki jana humpeleka mwenziwe leo, akasimama naye mizani ikipanda. Ni mama wa unga yule yule, ila ana ukuta wa mabati.

Sasa nije kwenye nyimbo, ambazo kwa watu hawa ni bidhaa ya nyumbani kama chumvi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo yake ya kunasa sauti, alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, njia ya kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi. Kijana yule alikuwa Jean Bosco Mwenda, wa Bayeke, wazao wa wale waliofuatana na Msiri kutoka Unyamwezi wakasimamisha himaya ya Bunkeya katika karne ya 19. "Masanga" yake ilitiwa katika santuri, ikasafiri kusini na mashariki ya Afrika, na wapiga gitaa wengi wakavunja vidole kuiiga. Na yule aliyetangazwa akawa mtangazaji: alipokwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwenda aliimba hata sifa za vidonge vya Aspro. Wazee hucheka wanapolisimulia hilo, lakini hawamlaumu. Wasema aliumwa kichwa kama watu wengine.

Kicheko hicho kina mpaka wake. Katika muziki wa Kinshasa ipo desturi ya mwimbaji kutaja katikati ya wimbo majina ya matajiri waliomlipa, na majina hayo huitwa kwa Kilingala mabanga, yaani mawe. Mwimbaji huyatupa, na mwenye jina hufurahi. Viwanda vya bia navyo viliingia katika mchezo huo, Bralima yenye Primus na Bracongo yenye Skol zikashindana kuwapata waimbaji wakubwa. Watu wa Kolwezi huzicheza nyimbo hizo usiku kucha, ila sijamwona aliyebadili bia kwa sababu hiyo. Mji ambao vijana wake huponda mawe ya kweli tangu alfajiri unajua jiwe lina thamani gani likitupwa na mtu aliyelipwa. Wanapotaka kumpa mtu wimbo, humpa kwa njia nyingine kabisa. Hapo zamani walimpeleka kwa miguu hadi uani kulikopigwa karindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi. Au walimpeleka kwa mwenye gramafoni. Siku hizi kijana humtumia mwenziwe wimbo kwa simu. Lakini tazama anavyofanya: mwaka 2023, wimbo "Tia" wa RJ Kanierra wa Lubumbashi ulipokuwa unaanza kuenea, kijana wa jirani yangu alikuwa nao simuni, angeweza kunirushia kwa kubonyeza mara moja, lakini badala yake alikuja mpaka mlangoni, akakaa, akaupiga mwanzo hadi mwisho akiniangalia usoni, ndipo akaniuliza, "Nikutumie?" Alikuwa anavunja kikanda mara mbili.

Na bidhaa ikiharibika? Huendi kwa muuzaji. Huo ungekuwa utovu wa adabu, kwa sababu hukumjua muuzaji ila kupitia kwa mtu. Unakwenda kwa aliyekuonyesha, tena usiende na ukali, mwambie tu, "Yaya, ile sabuni imetukausha watoto ngozi," naye atanyamaza kidogo, atauliza siku uliyoinunua, na kesho yake utamwona anakwenda mwenyewe kule, na jioni kipande kingine cha sabuni kitaletwa kwako na mtoto, bila maneno. Mimi nilifanya kosa hili mara moja, nikamwendea muuzaji moja kwa moja na kumrudishia maziwa ya unga yaliyoganda. Alinirudishia pesa yangu yote kwa adabu tamu, na mtu aliyenipeleka pale hakunisemesha kwa siku kumi na moja.

Wapo pia wafichao, na ada hii haitaelezwa kwa haki bila wao. Kuna mama katika Manika ambaye vitumbua vyake, kwa shahada ya wote waliobahatika, havina mfano, na nimeishi mwaka mzima nikisikia habari zake bila ya mtu yeyote kukubali kunipeleka. Mmoja alisema njia ni ndefu. Mwingine alisema mama anaumwa. Wa tatu, mwenye midomo inayong'aa mafuta, alisema hamjui.

Mwezi uliopita kijana mwalimu aliyehamia mtaani kwetu kutoka Kalemie aliniuliza ni wapi apate unga wa kuaminika. Nikajikuta nimeweka kalamu chini. Tulikwenda pamoja kwa mama yule yule, nikamwamkia, tukaulizana watoto wote kwa majina, na mwisho nikasema lile neno. Mama alimkagua kijana toka kichwani hadi viatuni, akanigeukia mimi. "Njo mutu yako kabisa?" Nikajibu kwamba ndiye. Akajaza meka, kilele kikasimama, akaongeza konzi moja ya matabishi, yaani ya nyongeza ya bure. Tangu siku ile, kila nikipita mbele ya nyumba ya mwalimu saa ya chakula cha jioni, hupunguza mwendo dirishani na kutega sikio.