Mgonjwa Huulizwa Uji: Lugha, Haki na Wajibu wa Mgonjwa Nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana ya methali hii ni bayana: anayeugua asisumbuliwe kwa maswali kuhusu jambo ambalo hali yake imekwisha kulidhihirisha. Apewe, anywe, apate nguvu. Ni methali ya huruma, nayo inaafiki mazingira ya nyumbani, ambapo anayekoroga uji ni mama, dada au jirani anayemjua mgonjwa vyema. Hata hivyo, ikihamishiwa hospitalini maana yake hugeuka. Huko anayehudumu si jamaa, kinachotolewa si uji, na athari zake zaweza kudumu maisha yote. Makala haya yanafafanua haki na wajibu wa mgonjwa kwa mujibu wa sheria za Kenya, na yanashikilia kwamba haki hizo pamoja na wajibu huo hutegemea lugha ambayo mgonjwa huelezwa kwayo.

Haki za Mgonjwa

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na kinasisitiza kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ilitoa hati ya kitaifa ya haki za wagonjwa. Miongoni mwa haki zilizotajwa humo ni kutendewa kwa heshima, kutunziwa siri, kutafuta maoni ya daktari mwingine, kukataa matibabu na kuwasilisha malalamiko. Miaka minne baadaye, Sheria ya Afya ya 2017 iliyapa mengi ya hayo nguvu ya kisheria.

Kati ya haki hizi, iliyo mama wa nyingine ni haki ya kuelezwa. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya kinamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa. Kifungu cha 9 kinaongeza kwamba huduma haitolewi pasipo ridhaa ya mgonjwa aliyekwisha kuelezwa.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutua na kulitafakari neno ridhaa. Katika mazungumzo ya kila siku, ridhaa na idhini hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Idhini ni ruhusa. Yaweza kutolewa kwa haraka, hata kwa kutia kidole gumba kwenye karatasi ambayo mtu hakuisoma. Ridhaa ina uhusiano na kuridhia na kuridhika, na mtu hawezi kuridhia jambo asilolijua. Sheria inadai ridhaa, ilhali mara nyingi kinachotafutwa wodini ni idhini tu. Tofauti hii si ya kamusi pekee. Mnamo Desemba 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kumfunga kizazi mwanamke aliyeishi na virusi vya UKIMWI, pasipo ridhaa yake baada ya kuelezwa, kulikiuka haki zake za kikatiba. Alichopoteza mama huyo hakirejeshwi kwa hukumu.

Hata hivyo, sheria haikuitupa methali ya wahenga. Kifungu hicho cha 9 kinaruhusu mgonjwa atibiwe bila kuulizwa iwapo ni dharura, au iwapo kuchelewa kwaweza kusababisha kifo au madhara yasiyotibika, naye hajaonyesha kukataa. Aliyeletwa akiwa amezirai baada ya ajali haulizwi uji. Aliye na fahamu zake huulizwa.

Wajibu wa Mgonjwa

Haki na wajibu ni chanda na pete. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Afya kinamtaka mgonjwa atoe habari za kweli kuhusu afya yake, ashirikiane na wahudumu na kuwaheshimu, afuate kanuni za kituo na ushauri wa matibabu, na akikataa matibabu, atie sahihi akiombwa kufanya hivyo.

Kuhusu wajibu wa kusema kweli, Kiswahili kilitangulia sheria. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humuumbua. Mgonjwa anayetumia mitishamba nyumbani kisha akanyamaza mbele ya daktari huenda akapewa dawa zisizopatana na alichokwisha kunywa. Anayekatiza dawa za kifua kikuu kwa sababu kikohozi kimepoa hujihatarisha mwenyewe, na aweza kuwaambukiza jirani zake ugonjwa uliokwisha kuwa sugu kwa dawa.

Aidha, mgonjwa ana wajibu wa kulipia huduma kulingana na taratibu zilizopo. Lakini wajibu huo haufuti haki zake. Mnamo Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa ada kulikuwa kinyume cha Katiba. Deni hudaiwa kwa njia za kisheria. Mwili wa mtu hauwekwi rehani.

Lugha kama Daraja

Kifungu cha 8 kinaeleza pia kwamba maelezo kwa mgonjwa yatolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Ugumu ni kwamba madaktari na wauguzi husomea taaluma yao kwa Kiingereza, kisha wakatarajiwa kumweleza mgonjwa kwa lugha ambayo hawakufundishwa istilahi zake.

Mifano ni ya kawaida mno kiasi cha kutotambuliwa. Mgonjwa huambiwa ameze dawa kutwa mara tatu. Neno kutwa, kwa asili, hurejelea muda wa mchana, tangu asubuhi hadi jua kutua. Anayelielewa hivyo humeza vidonge vitatu kabla ya magharibi na kukaa usiku kucha bila dawa, ilhali daktari alikusudia kila baada ya saa nane. Na maneno hayo, saa nane, yana mtego wake: ni kipindi, na pia ni wakati wa alasiri. Anayeandikiwa 8:00 kwenye kadi ya kliniki aweza kufika saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi, kisha akalaumiwa kwa kukiuka wajibu wa kutunza miadi. Hakupuuza. Hakuelewa.

Tatizo huzidi pale mgonjwa asipojua Kiswahili wala Kiingereza, au anapotumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Mara nyingi anayetafsiri huwa mtoto wake au jirani yake. Mama aone haya kutaja ugonjwa wa zinaa mbele ya mwanawe, aukane. Hapo haki ya siri imevunjika na wajibu wa kusema kweli umeshindikana, vyote kwa ukosefu wa mkalimani.

Hitimisho

Asiyejua maana haambiwi maana, wahenga walisema. Hospitalini kauli hiyo haifai, kwani asiyejua maana ndiye hasa anayestahili kuambiwa. Wasomi wa Kiswahili wana kazi hapa: kuandaa fomu za ridhaa zinazosomeka, kusahihisha maelezo ya vibandiko vya dawa, na kuwafunza wakalimani wa hospitali. Katika kazi hiyo usanifu pekee hautatosha. Iwapo bibi kizee anaijua presha na hajapata kusikia shinikizo la damu, aanze kuelezwa kwa neno alilo nalo. Fomu ikishakamilika, ipelekwe kwanza kwa asiye msomi aieleze kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, iandikwe upya kabla mtu hajawekwa mezani kwa upasuaji.