Dawa Ndani ya Maji (Sehemu ya Tatu): Ziwa 260 na Somo la Duka la Dawa

Kampuni za dawa za Ulaya zimekwenda mahakamani kupinga sheria mpya ya majitaka ya mijini, iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya Novemba 2024. Sheria hiyo inawataka watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua ya nne ya kusafisha majitaka, ile ya kunasa mabaki ya dawa ambayo mitambo ya kawaida huyaacha yapite. Ni haki anayechafua alipe. Lakini mtambo ndio kituo cha mwisho katika safari ya kidonge, na baada ya sehemu mbili zilizoeleza jinsi dawa zinavyofika mtoni, makala haya yanarudi kwenye vituo vya mwanzo, ambako dawa ingali mikononi mwa watu.

Anayedhani jambo hili linaweza kungoja mitambo na alitazame ziwa moja dogo la Kanada linalojulikana kwa namba tu: Ziwa 260, katika jimbo la Ontario. Maziwa ya eneo hilo yametengwa kwa utafiti tangu 1968, na wanasayansi huruhusiwa kulifanyia ziwa zima jaribio ambalo wengine hulifanyia ndani ya chupa. Kuanzia 2001 hadi 2003, mtafiti Karen Kidd na wenzake walitia humo, kiangazi baada ya kiangazi, homoni ya kutengenezwa inayotumika katika vidonge vya kupanga uzazi. Kiasi kilichopatikana majini kilikuwa kama nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, na nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Hakuna ulimi wa kuionja wala jicho la kuiona.

Samaki waliiona.

Madume ya samaki wadogo aina ya Pimephales promelas yalianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ambayo ni ya majike. Korodani zao zikadumaa, vizazi vipya vikakosekana, na kundi lote likakaribia kutoweka ziwani. Samaki wakubwa waliokuwa wakiwala wadogo hao nao wakapungua, hasa kwa kukosa mlo. Homoni ilipoacha kutiwa, samaki wadogo walirudi, ila ilichukua miaka. Hapo ndipo lilipo somo kubwa la Ziwa 260, ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: ziwa lilipona kwa sababu watu waliacha kutia dawa. Hakuna aliyejenga mtambo ufukweni.

Mito ya Afrika Mashariki haina mtafiti wa kusema sasa basi. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, na kuchapishwa 2022, ulipima mito 258 katika nchi 104. Miongoni mwa miji iliyokutwa na viwango vya juu kabisa ni Addis Ababa, pamoja na Lahore na La Paz. Kabla ya hapo, watafiti walikuwa wameshakuta antibiotiki na dawa za kupunguza makali ya VVU katika bonde la Mto Nairobi. Mgonjwa asilaumiwe: sehemu ya dawa anayomeza hutoka kwa mkojo, naye hana budi kumeza. Kinachoweza kuzuiwa ni dawa iliyouzwa bila sababu, na ile iliyobaki kabatini kisha ikamwagwa chooni. Penye choo cha shimo na kisima katika kiwanja kimoja, safari ya dawa hiyo ni fupi mno.

Kuzuia huko kunaanza kwa kuwafundisha wauzaji wa dawa, na kazi hiyo si ngeni Tanzania. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa maduka ya dawa muhimu, DLDM. Maduka ya zamani yalikuwa na sifa mbaya: wauzaji wasio na mafunzo, na dawa zilizouzwa kinyume cha kibali. Wenye maduka walifundishwa, wauzaji wakafundishwa, ukaguzi ukawekwa, na maduka yakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki chache. Mpango ukaenea Tanzania Bara, kisha Uganda na Liberia wakaja kujifunza. Nchi iliyoweza hayo inashindwaje kuongeza somo moja?

Somo lenyewe si refu. Muuzaji ajue kumnyima antibiotiki mwenye mafua, amweleze mgonjwa kwa nini dozi imalizwe, apokee vidonge vilivyobaki na kuvihifadhi katika kisanduku chenye kufuli hadi vikateketezwe chini ya usimamizi. Sweden maduka ya dawa yamekuwa yakipokea mabaki kwa miongo kadhaa, na huko Stockholm orodha ya dawa wanayopendekezewa madaktari huzingatia pia madhara kwa mazingira. Kumwachia mteja peke yake mzigo huu ni kukwepa wajibu.

Baraza la Famasi na halmashauri waliingize somo hili katika mafunzo ya wauzaji. Naye msomaji mwenye vidonge vilivyokwisha muda asivitupe chooni wala mtaroni. Avipeleke kwa mfamasia au kituo cha afya, aulize vinapokelewa wapi, na akiambiwa hakuna utaratibu, amwandikie mganga mkuu wa wilaya yake kuudai.