Sh5,000 za Kuukagua Moyo: Kitale na Bungoma Ulipie Nini Kwanza?

Ukiwa na Sh5,000 ulizotenga kuukagua moyo, nawe una miaka arobaini na kitu au hamsini na kitu, unaweza kuzimaliza asubuhi moja: altrasaundi ya mishipa ya shingo, matokeo ndani ya bahasha ya kaki, na nauli ya kurudi Kiminini au Chwele. Kwa pesa hizo hizo unaweza kununua mashine ya presha, upimwe sukari, na chenji ibaki. Mimi ningechagua njia ya pili, na si kwa ubahili.

Tuanze na kisicholipiwa. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya kazi yenye mashine ya presha, kipima sukari na mizani. Mhudumu wa kijiji chako akipita, humlipi kitu. Zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 navyo hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mradi uwe umejisajili. Kwenda hadi hospitali ya rufaa ya Bungoma au Wamalwa Kijana mjini Kitale kwa ajili ya presha tu ni kujitafutia foleni. Na bado, utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 uligundua kwamba asilimia 56 ya Wakenya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha, ilhali asilimia 23.8 walikuwa nayo. Anayekwambia presha ni ya ukoo tu, mkumbushe Donnison, daktari aliyefanya kazi Kisii: mwaka 1929 aliandika kwamba kati ya watu 1,000 aliowapima, presha haikupanda na umri kama ilivyokuwa ikipanda Ulaya.

Kemisti karibu na steji nao hupima, mara nyingi kwa shilingi 50 au 100. Hapo ndipo penye shida. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, asubuhi ni baridi, na watu huja wamevaa sweta na jaketi. Kijana anafunga kitambaa juu ya sweta, mteja amesimama, anaongea na simu kwa mkono wa pili, na mashine inaonyesha 158. Namba hiyo haifai hata shilingi 50. Mwambie, “Kijana wangu, ngoja kwanza nikae.” Vua sweta, keti dakika tano ukiwa umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, nyamaza, kisha upimwe mara mbili. Ukinunua mashine yako, uliza ukubwa wa kitambaa kabla ya bei. Cha kawaida ni cha mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Mwenye mkono mnene akifungwa hicho, namba hupanda bure, na anahitaji cha 32 hadi 42. Mashine nyingi za kufunga juu ya kiwiko huuzwa kati ya Sh2,500 na Sh6,000. Za kifundo cha mkono ni nafuu na hubebeka vizuri, ila mimi sizipendekezi.

Sasa alama ya hatari, yaani uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Jedwali linaloufaa ukanda wetu ni la Shirika la Afya Duniani lililotolewa 2019, ambapo dunia iligawanywa katika kanda 21 na Kenya ikawekwa Afrika Mashariki. Ni la watu wa miaka 40 hadi 74, na lina sura mbili. Ya kwanza haidai maabara: jinsia, umri, sigara, namba ya juu ya presha, na uzito ukilinganishwa na kimo. Ya pili inaondoa uzito na kuweka kolestroli na sukari.

Tuseme ni mama wa miaka 52, muuzaji wa mitumba, havuti sigara, ana kilo 78 na kimo cha mita 1.60. Gawanya 78 kwa 1.60, kisha ugawanye tena kwa 1.60: inatoka 30.5. Presha yake, ikipimwa vizuri, ni 148. Kidole kinaanza ukurasa wa wanawake, upande wa wasiovuta, safu ya miaka 50 hadi 54, mstari wa 140 hadi 159, kisimame chini ya 30 hadi 35. Hapo atakuta rangi: kijani ni chini ya asilimia 5, manjano 5 hadi 10, chungwa 10 hadi 20, nyekundu kuanzia 20. Gharama ya zoezi lote ni sufuri.

Je, alipie kipimo cha kolestroli ili atumie sura ya pili? Kipimo kamili cha mafuta ya damu hugharimu kati ya Sh1,000 na Sh3,000 kulingana na maabara. Kabla ya hapo apimwe sukari, kwa shilingi mia moja au mia mbili, kwa sababu jedwali lisilo la maabara halijui sukari kabisa. Mwenye sukari akilitumia atapewa rangi ya upole asiyostahili. Tena akishagunduliwa ana sukari, na miaka 40 amepita, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamwelekeza kwenye statini, dawa za kupunguza kolestroli, bila kungoja rangi. Na kwa presha, mwongozo wake wa 2021 unasema ikithibitika kuwa 140 kwa 90 au zaidi, dawa ianze. Kwa hiyo huyu mama haamuliwi dawa ya presha na jedwali. 148 zikirudi tena siku nyingine, zimeshaamua. Alichobakiza cha kuamuliwa na alama ni statini, na hapo ndipo kolestroli inapoanza kustahili pesa zake.

Wenye simu nzuri hupenda vikokotoo vya mtandaoni. QRISK3 ilitengenezwa kwa wakazi wa Uingereza na huuliza hadi msimbo wa posta. PREVENT ya 2023 ni ya Wamarekani, SCORE2 ya Ulaya. Mtu mmoja anaweza kupata majibu matatu tofauti, na kishawishi ni kushika lile linalompendeza. Bakia na la ukanda wako.

Jedwali nalo lina upofu wake, na wenye kuuza picha za mishipa wanaujua. Umri ndio unaovuta alama kwa nguvu zaidi. Kaka yake huyo mama, mwenye miaka 44, anaweza kuvuta pakiti kwa siku, presha yake ikawa 132, na rangi yake bado ikawa ya kutuliza. Utafiti wa PESA wa Madrid, uliochapishwa 2015, uliwapiga picha wafanyakazi wa benki zaidi ya 4,000 wa miaka 40 hadi 54 wasio na dalili yoyote. Asilimia 63 walikuwa na mafuta yaliyoanza kujikusanya kwenye kuta za mishipa, na wengi wao walihesabiwa kuwa na hatari ndogo. Kijani cha mtu wa miaka 44 kinaeleza ujana wake kuliko mishipa yake.

Basi kwa nini nisimtume kaka kwenye altrasaundi? Kwa sababu jibu lolote litakaloandikwa, ushauri wa kwanza hautabadilika: aache sigara. Nchini Marekani, jopo la taifa la vipimo vya kinga limeshauri, 2014 na tena 2021, dhidi ya kukagua kuziba kwa mishipa ya shingo kwa watu wasio na dalili. Kupima unene wa ukuta wa mshipa kuna thamani kwa watafiti. Mradi wa AWI-Gen uliwapima hivyo watu wa miaka 40 hadi 60 katika nchi nne za Afrika, wakiwemo wakazi wa Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Kwa mteja mmoja, milimita zile hutegemea mno mkono wa mpimaji. Kipimo cha kalisi kwenye mishipa ya moyo kwa CT ni imara zaidi, lakini ni safari ya mbali, maelfu ya shilingi, mionzi kiasi, na kwa mtu wa miaka arobaini sufuri haimaanishi mishipa ni safi, kwani mafuta laini hayana kalisi bado.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Katika jaribio la VIPVIZA la Sweden, lililochapishwa 2019, watu walioonyeshwa picha za mishipa yao ya shingo walikuwa na hatari ndogo baada ya mwaka kuliko wale ambao hawakuonyeshwa. Macho huamini kuliko masikio. Lakini kule dawa na daktari vilikuwepo baada ya picha. Hapa, altrasaundi ya shilingi elfu kadhaa inaweza kula bajeti ya amlodipini, dawa ya presha, ya miezi mingi, maana ile ya kawaida hupatikana kwa shilingi mia chache kwa mwezi.

Kama ni pesa za kukubadilisha tabia, ningezipeleka kwenye chama. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH wenye makao Eldoret uliwajaribu watu 2,890 wenye presha au sukari iliyopanda, katika vituo 24. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba waliopata huduma ya kawaida walishuka presha kwa wastani wa pointi 11.4 ndani ya mwaka. Walioonwa na daktari kwa vikundi huku wakiweka akiba na kukopeshana walishuka 16.4. Mikutano ya akiba mnayo tayari. Kinachokosekana ni mashine moja ya presha mezani, na ikigawanywa kwa wanachama ishirini hakuna atakayetoa zaidi ya shilingi 300.

Picha ninayoweza kuilipia ni ya mtu aliye katikati: baba yake alipatwa na mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama kabla ya 65, rangi yake ni ya chungwa, na yeye na daktari wanavutana kuhusu statini. Huyo aulize mambo mawili kabla ya kutoa pesa. Je, ripoti itasema kama kuna mafuta yaliyojikusanya, au itataja unene wa ukuta peke yake? Na je, daktari atabadilisha nini yakionekana, na nini yasipoonekana? Kama jibu la swali la pili ni “hakuna”, zile Sh5,000 azirudishe mfukoni.