Kabla hujafungua kinywa, uliza koleo limetoka wapi



Jino likiuma usiku kucha, asubuhi mtu hachagui. Hukimbilia zahanati ya kwanza aionayo, hukaa kwenye kiti, hufumba macho na kufungua kinywa. Leo tuzungumzie kitu ambacho mgonjwa huyo hakioni, nacho ndicho kinachomlinda: utaratibu wa kazi ulioandikwa, unaofuatwa kila siku na kila mtumishi, awe mkongwe au aliyeajiriwa jana.

Sote tunajua kuwa udhu una mpangilio wake. Hatuanzi na miguu tukamalizia na uso eti kwa kuwa tuna haraka. Kliniki ya meno nayo ina mpangilio, na haufai kubaki kichwani mwa mtu mmoja. Yeye akiugua au akihama, utaratibu unaondoka naye.

Faida ya kuandika imeonekana. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha katika kila upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa hapa kwetu Ifakara. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Dawa mpya haikuwemo. Watu walihakikisha tu, kwa sauti na kwa pamoja, mambo waliyokuwa wakiyajua tangu zamani.

Hatari yenyewe ni ipi?

Kung'oa jino ni kazi ya damu na mate. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai kwa siku saba au zaidi juu ya kifaa kikavu, hata kama damu haionekani kwa macho. Mwaka 2013 huko Tulsa, Marekani, wagonjwa wapatao 7,000 wa kliniki moja ya meno waliitwa wakapime damu baada ya wakaguzi kukuta vifaa vyenye kutu, na mashine ya kutakasia ambayo haikuwa imepimwa kwa miaka. Uchunguzi ulithibitisha kwamba mgonjwa mmoja alikuwa amempa mwenzake homa ya ini aina ya C kupitia kiti kile. Kama hayo yametokea kwenye nchi tajiri, sisi tusijione tumesalimika.

Utaratibu sahihi wa vifaa

Kwanza, kifaa husuguliwa kwa brashi na sabuni hadi damu yote itoke, kwani uchafu uliogandia huwakinga vijidudu. Pili, hukaushwa na kufungwa kwenye pakiti. Tatu, huingizwa kwenye mashine ya mvuke wenye mgandamizo. Kwa mashine nyingi za kawaida, vifaa vilivyofungwa hukaa nyuzi joto 121 kwa dakika 30, zikihesabiwa tangu joto hilo lifikiwe, si tangu mashine iwashwe. Nne, pakiti huandikwa tarehe, hutunzwa pakavu, na hufunguliwa mbele ya mgonjwa.

Kufuta kwa spiriti hakutoshi. Kuchovya kwenye maji ya moto hakutoshi. Wala tusichanganye mambo mawili: koleo lililooshwa kwa maji hadi najisi ya damu ikaondoka laweza kuwa tohara kisharia, lakini bado halijawa salama kuingia kinywani mwa mtu.

Utaratibu hauishii kwenye vifaa. Kabla ya ganzi, mgonjwa aulizwe: una kisukari? Shinikizo la damu? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Kuna dawa inayokudhuru? Kwa mama, je, ni mjamzito? Kisha jino litajwe na lionyeshwe, kwani jino zima likishang'olewa kimakosa majuto ni mjukuu.

Wewe msomaji ufanye nini?

Ukifika, tazama mambo manne. Je, mhudumu amenawa na kuvaa glavu mpya mbele yako? Je, pakiti ya vifaa imefunguliwa ukiiona? Je, sindano ya ganzi ni mpya, na baada ya kazi imetupwa kwenye kisanduku cha usalama? Je, umepewa maelekezo ya nyumbani: kung'ata pamba kwa nusu saa, kutosukutua wala kuvuta sigara kwa saa 24, na kurudi haraka damu isipokoma?

Ukiona mashaka, uliza kwa adabu. Tabibu anayefuata utaratibu hakasiriki, atakuonyesha. Akikemea au akikwepa, una haki ya kunyanyuka na kwenda kwingine. Maumivu ya jino yanaweza kusubiri safari ya daladala moja zaidi; homa ya ini waweza kuishi nayo maisha yako yote.

Na ndugu zetu wenye kliniki, andikeni utaratibu wenu kwa Kiswahili, uubandike ukutani, na mtumishi atie saini kila mashine inapozimwa. Mgonjwa aliyefumba macho kitini amewakabidhi amana.

Wabillahi tawfiq.