Sumu ya Chini ya Meli

Chombo kikikaa majini miezi michache, tumbo lake huota ndevu za mwani na kushikwa na viumbe wenye magamba makali. Kinakuwa kizito, hakishiki mwendo, kinakula mafuta. Mjomba wangu, fundi wa majahazi hapa Tanga, dawa yake ni ya zamani. Husubiri bamvua, maji yakitoka chombo hulala mchangani, kikakwanguliwa na kupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa. Inanuka, na haichukui muda kabla ya kupakwa tena.

Meli kubwa haziwezi kulazwa mchangani hivyo. Basi miaka ya 1960 viwanda vikaleta rangi yenye kiambata cha bati kiitwacho tributilitini, kwa kifupi TBT. Rangi hiyo huachia sumu kidogo kidogo, na kila mdudu anayejaribu kung'ang'ania hapo hufa. Meli iliweza kukaa miaka kadhaa bila kurudi chelezoni. Wenye meli wangekosaje kuipenda?

Ila sumu ikishatoka kwenye rangi iko baharini, na baharini kuna wenyeji. Huko Arcachon, ghuba ya Ufaransa inayofuga chaza na kujaa boti za starehe, mwishoni mwa miaka ya 1970 chaza walikoma kuzaa watoto wa kuishi. Waliobaki walikuwa na makombe manene kupita kiasi, ndani yake vijumba vyenye ute, na nyama haba. Karibu na Plymouth, Uingereza, jambo lilikuwa la ajabu zaidi: konokono majike waliota uume. Ulipokua, uliziba njia ya mayai, jike akashindwa kutaga, na wengine wakafa na mayai tumboni. Hali hiyo iliandikwa mwaka 1970, lakini hadi miaka ya 1980 ndipo TBT ilipobainika kuwa chanzo. Kiasi kilichotosha kuwaharibu ni nanogramu 1 hivi kwa lita, sawa na gramu 1 katika mapipa milioni 5 ya lita 200.

Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1982 kwa boti zisizofika mita 25. Mimi naona chaza ndio waliosikilizwa, kwa kuwa chaza ana mnunuzi. Konokono nani angemlilia? Meli kubwa ziliendelea nayo. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika 2008.

Kwenye maji yenye mwanga TBT huvunjika kwa siku au wiki. Ikizama kwenye tope lisilo na hewa hudumu miaka mingi, na bandari ikichimbwa kuongeza kina, tope hilo linatibuliwa upya.

Rangi nyingi za leo zina shaba badala yake. Ni afadhali, lakini shaba nayo inaua; ndiyo kazi iliyowekewa. Kwa hiyo tunapokwangua boti kuukuu yenye matabaka ya rangi ya miaka nenda rudi, mimi hutandika turubai chini, vumbi lisichukuliwe na maji yakijaa hadi kule kina mama wanakookota kome. Mafundi wenzangu hunicheka. Tabu huanza kiroba kikijaa: jalala la mtaa liko hatua chache tu kutoka ufukweni, na mvua ya masika ikinyesha hulikumba lote baharini.