Protini "ya Vurugu" au "Nyumbufu"?

Mfasiri atakayemwandikia bwana shamba wa Chimala habari za kimyanga, maradhi ya mpunga yaliyotambuliwa Kenya mwaka 1966, atakutana na protini ya virusi isiyo na umbo moja. Kuiita "ya vurugu" hatuafiki. Vurugu ni kuharibika kwa kilichopangwa. Protini hii haikuharibika, bali kunyumbulika kwake huisaidia kushikana na protini ya mpunga, na mmea ukaambukizwa. Hata CREB, protini ya panya inayoongoza jeni, ina kipande kinachojikunja kinaposhikana na protini mwenza tu. Twapendekeza "sehemu thabiti" na "sehemu nyumbufu". Mwalimu wa sarufi atakumbuka vitenzi vinyumbulikavyo: mzizi ule ule, maumbo mengi.