Kutoa au Kukunjua? Kufasiri Chigongi kwa Kiswahili

Makala haya yanahusu uteuzi wa kitenzi kimoja. Chigongi ni mazoezi ya Kichina ya kupumua na kusogeza mwili polepole. Siku hizi hufundishwa katika nchi nyingi kama njia ya kulegeza misuli iliyokaza na kupunguza uzito wa hisia za zamani. Mfasiri akiulizwa mwalimu anamwambia nini mwanafunzi wake, jibu la haraka ni "toa hisia zako". Hoja yangu ni kwamba kitenzi hicho kinaahidi jambo ambalo zoezi lenyewe haliahidi, na kwamba mbele ya watu waliopitia mengi ahadi hiyo ina madhara.

Mfano wangu ni mtaa wa Songo, mjini Uvira. Vita vya 1996 vilipoanza, Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kutekwa. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kwa wakazi wengi, "hisia za zamani" ni jambo lenye tarehe na majina ya watu.

Chigongi ni nini?

Neno lina sehemu mbili: chi, yaani hewa, pumzi au nguvu ya uhai, na gongi, yaani kazi au ustadi unaopatikana kwa kurudiarudia. Jina hili lilienea China katika miaka ya 1950, lakini mazoezi ya aina hii ni ya kale. Katika kaburi la Mawangdui lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, wachimbuaji wa miaka ya 1970 walikuta mchoro wa hariri wenye watu 44 wakinyoosha viungo.

Tiba ya jadi ya Kichina huweka hisia katika viungo vya ndani: hasira katika ini, huzuni katika mapafu, woga katika figo. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Kinyongo chetu kimetokana na nyongo. Chuki iliyokaa ni fundo moyoni. Mwenye kutunza siri ana kifua. Maneno haya hayathibitishi kwamba huzuni imehifadhiwa ndani ya mapafu kama unga ndani ya gunia. Yanaonyesha tu kwamba wazo la hisia kukaa mwilini si geni kwetu, kwa hiyo mfasiri hahitaji kubuni lugha mpya.

Tatizo la "toa"

Kutoa ni kuhamisha kitu kutoka ndani kwenda nje. Tunatoa jino, tunatoa takataka. Kanisani watu hutoa ushuhuda, na wachungaji hutoa pepo. Anayeambiwa "toa huzuni yako" anaweza kuelewa mambo mawili: kwamba lazima asimulie yaliyompata mbele ya watu, au kwamba huzuni ikiondoka leo haitarudi. Chigongi haimtaki aseme lolote. Na ikiwa kesho huzuni imerudi, atajiona ameshindwa, au atadhani ana pepo sugu.

Kiswahili kina njia nyingine: kauli ya kutendua. Kiambishi -u- hugeuza hali iliyoletwa na tendo la kwanza: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Kinachogeuzwa ni hali. Kitu chenyewe kinabaki. Nguo iliyokunjuliwa bado ni nguo, na mikunjo yake huonekana kwa muda. Tena kitenzi hiki tayari kinaunganisha mwili na nafsi: aliyeudhika hukunja uso, akipoa hukunjua uso, na mtu mchangamfu huitwa mkunjufu.

Kitenzi cha pili kinachofaa ni tua. Mama anayepanda Songo na mzigo kichwani hutua mzigo, kisha hupumzika. Kutokana na tua tumepata tulia na tuliza. Kutokana na pumua tumepata pumzi na pumzika, ambalo mashariki ya Kongo husikika pia kama pumuzika, na hapo mzizi unaonekana wazi zaidi. Yaani Kiswahili kilikwisha kuunganisha utulivu na mzigo uliowekwa chini, na mapumziko na pumzi, kabla ya kukutana na mwalimu yeyote wa chigongi.

Zoezi kwa maneno yetu

Maelekezo yanaweza kuwa hivi. Simama, miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yakilegea kidogo. Tua mabega. Kunjua vidole, kisha kunjua uso. Vuta pumzi kwa pua huku mikono ikipanda hadi kifuani. Shusha mikono pamoja na pumzi, polepole kuliko ulivyoivuta. Rudia mara sita. Ukihisi kizunguzungu, au kumbukumbu ikija kwa nguvu, fumbua macho, kaa chini, usijilazimishe.

Mwanafonetiki ana la kuongeza. Mtindo mmoja wa chigongi hutumia sauti sita wakati wa kutoa hewa: xu, he, hu, si, chui, xi. Zote huanza kwa kikwamizi au kipasuo-kwamizi kisichoghuna. Sauti za aina hii hupitisha hewa katika njia nyembamba, kwa hiyo msemaji anaweza kuirefusha pumzi inayotoka. Hilo lina maana kwa mwili, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kasi kidogo tunapotoa pumzi, na pumzi ndefu ya kutoka husaidia upande wa mfumo wa neva unaotuliza mwili. Sisi pia tuna sauti inayofaa: s ndefu ya mtu anayenyamazisha mtoto.

Mpaka wa zoezi

Zoezi hili halichukui nafasi ya daktari wala mshauri nasaha. Asiyelala kwa majuma, au anayewaza kujidhuru, anahitaji msaada wa watu waliofunzwa. Mfasiri naye ana wajibu wake hapo: asiweke katika kitenzi uponyaji ambao mwalimu hakuuahidi. "Kunjua" na "tua" humwambia mkazi wa Songo kwamba anaweza kupumzika sasa, hata kama mzigo ungali pale chini na kesho huenda akaubeba tena.